Kuoga Msituni Bila Maji

Mwulize mkazi wa Nairobi kinachomfanya aamke akiwa amechoka kama mtu aliyekesha, naye atakutajia foleni ya magari, karo, kodi ya nyumba na mkubwa wa kazi asiyeridhika. Tembe za kutuliza maumivu ya kichwa humsaidia kwa saa chache tu.

Nchini Japani, ambako kufa kwa sababu ya kazi nyingi kuna jina lake maalumu, idara ya misitu ya serikali ilianza mwaka wa 1982 kuwashauri wananchi waende "kuoga msituni". Wao huita jambo hili shinrin-yoku. Hakuna maji wala sabuni. Mtu huingia katikati ya miti, akatembea polepole na kuuacha mwili uoge hewa, harufu na sauti za humo. Uthibitisho wa kisayansi ulikuja baadaye.

Mtu anaposhtuka, tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga homoni katika damu. Moyo hupiga kwa kasi, misuli hukaza na sukari huongezeka katika damu ili mwili upate nguvu. Mpango huu ni mzuri sana ukikutana na nyati. Taabu ni kwamba mwili hauwezi kutofautisha nyati na honi ya matatu. Kwa mkazi wa mjini kengele hii hulia kutwa, na homoni iitwayo kotisoli ikizidi kwa muda mrefu, usingizi hupotea, shinikizo la damu hupanda na kinga ya mwili hudhoofika.

Watafiti wa Japani waliwapima wanafunzi 280 katika misitu 24 na pia katika miji. Matokeo, yaliyotolewa mwaka wa 2010, yalionyesha kwamba msituni kotisoli ilipungua, moyo ulipiga taratibu na shinikizo la damu likashuka kuliko mjini.

Naye Dkt. Qing Li wa Tokyo aliwapeleka wanaume 12 wa makampuni ya jiji hilo msituni kwa siku tatu mwaka wa 2005. Chembe za damu zinazowinda virusi na seli za saratani ziliongeza kazi yake kwa karibu asilimia 50. Walipopelekwa watu kutembea katika mji mwingine, badiliko hilo halikuonekana. Watu 12 ni wachache, na asije mtu akadhani msitu hutibu saratani.

Miti hutoa mafuta yenye harufu, yaitwayo fitonsidi, ili kujikinga na kuvu, bakteria na wadudu. Dkt. Li alipofukiza mafuta ya mti wa hinoki usiku katika vyumba vya hoteli mjini Tokyo, chembe zile zile ziliongezeka nguvu kwa waliolala humo, ingawa hawakuuona mti hata mmoja. Kumbe pua nayo ina sehemu yake katika tiba hii.

Wakazi wa Nairobi hawana haja ya kwenda mbali. Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, upo hadi leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walipinga kugawanywa kwake. Mnamo Januari 1999 alipigwa kichwani alipokwenda kupanda miti humo. Wengi huingia huko wakikimbia, masikioni wameweka muziki. Hayo ni mazoezi mazuri, lakini si kuoga msituni.

Anayetaka kuoga azime simu, aende mwendo wa mtu asiye na haraka na avute pumzi kwa pua. Akiona kijito, aketi. Saa mbili zinatosha. Ukikosa nafasi, hata dakika 20 chini ya miti ya Arboretum baada ya chakula cha mchana zina faida.

Mgonjwa wa shinikizo la damu asiache tembe zake kwa kuwa amejisikia vizuri Jumamosi moja. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, kwa maana chavua ya maua humsumbua. Na aliyekosa usingizi kwa wiki kadhaa, au anayeona maisha hayana maana tena, amwone daktari kwanza; msitu ataukuta pale pale.