Tahadhari ya Uvujaji wa Data: Namna ya Kumfikia Mteja Bila Kumtisha

Mwaka 2008, Tiversa, kampuni ya usalama wa mtandao ya Pittsburgh nchini Marekani, iliijulisha maabara ya LabMD ya Atlanta kwamba faili lake lenye taarifa za wagonjwa wapatao 9,300 limeonekana kwenye mtandao wa kubadilishana mafaili. Ikajitolea pia kulishughulikia tatizo hilo, kwa malipo. LabMD ikakataa. Baadaye habari za faili hilo zikafika kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho, nayo ikaishtaki maabara hiyo mwaka 2013. Mwaka uliofuata LabMD ilisimamisha shughuli zake. Mwaka 2015, mtu aliyewahi kufanya kazi Tiversa alieleza kwa kiapo kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikighushi ushahidi ili mafaili yaonekane yamesambaa zaidi. Mahakama ya rufaa iliifuta amri ya Tume mwaka 2018.

Kila anayeuza huduma za usalama wa mtandao, awe Nairobi au Dar es Salaam, aijue kesi hii. Tahadhari ya uvujaji ni sababu halali ya kumpigia mtu simu. Lakini ukiitaja habari mbaya na bei kwa pumzi moja, anayekusikiliza atahesabu kwamba unamtoza ili umnyamazie.

Soma tahadhari hadi mwisho

Kabla ya kumwandikia yeyote, jibu maswali matatu: data zilivuja lini, zilivuja zipi, na nani amethibitisha? Mwaka 2016 mamilioni ya nywila za LinkedIn yaliuzwa mtandaoni kana kwamba ni mzigo mpya, kumbe yaliibwa mwaka 2012. Muuzaji aliyekurupuka kutangaza "shambulio la jana" alijiaibisha mbele ya wataalamu.

Pia tofautisha uvujaji na usumbufu. Mfumo wa eCitizen wa Kenya ulipokwama Julai 2023, wavamizi walikuwa wameufurikisha kwa maombi mengi hadi ukashindwa kuhudumia watu, na serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Ukimwambia meneja kwamba taarifa za raia ziliibwa siku ile, umeshapoteza imani yake.

Mwache mwathirika apumue

Kampuni iliyovujiwa ina kazi za kisheria zinazoikimbiza. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ijue, pale ambapo wenye data wanaweza kudhurika. Aliyepewa data hizo azichakate kwa niaba yake ana saa 48 za kumjulisha mwenye kazi. Siku hizo meneja wa TEHAMA hana nafasi ya kutazama slaidi zako. Kama una jambo la kumsaidia, mpe bila bei. Kama wewe ndiye uliyeligundua tundu, mjulishe mwenye mfumo, au upitie vituo vya kitaifa vya kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao: KE-CIRT kwa Kenya na TZ-CERT kwa Tanzania.

Wateja wako wa karibu zaidi ni majirani wa kampuni iliyovujiwa: wanaotumia programu ileile, au wanaohudumiwa na msambazaji yuleyule. Mwaka 2023, tundu kwenye MOVEit, programu ya kuhamisha mafaili, liliziumiza taasisi nyingi duniani. BBC na British Airways zilifikiwa kupitia Zellis, kampuni iliyokuwa ikizishughulikia mishahara. Kwa hiyo tahadhari moja ikupe orodha ya watu wenye swali la kweli: "Je, na sisi tumo?"

Andika ujumbe unaofaa hata usipolipwa

Mfano huu unatosha:

"Ndugu Meneja wa TEHAMA, habari za kazi. Jana watengenezaji wa programu fulani ya kuhamisha mafaili walitangaza tundu la usalama. Sijui kama mnaitumia. Kama mnaitumia, leo fanyeni haya: izuieni isifikiwe kutoka intaneti, wekeni sasisho la dharura, kisha kagueni kumbukumbu za seva za mwezi mzima mtafute akaunti msizozijua. Kiungo cha tangazo lao rasmi nimekiambatisha. Mkikwama kwenye ukaguzi, nipigieni."

Ujumbe huo hauna neno la kutisha, na hata asiyenunua ameondoka na kitu. Ukituma ujumbe halisi, jina la programu litaje wazi, na kiungo kiwe cha mtengenezaji mwenyewe, si cha tovuti yako.

Mipaka usiyoivuka

Usipakue data zilizovuja ili "kumwonesha mteja ushahidi", wala usijaribu nywila yake kuona kama bado inafungua. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, na ya Kenya ya 2018 pia. Barua pepe zilizomo kwenye data hizo usizigeuze orodha ya masoko. Ni taarifa binafsi, na Kenya na Tanzania zote zina sheria ya kuzilinda. Ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022.

Njia safi ipo. Huduma ya Have I Been Pwned, aliyoianzisha Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, hukagua anwani za kampuni nzima, ila kwanza anayeomba athibitishe kwamba kikoa ni chake. Mwelekeze mteja ajiandikishe mwenyewe. Matokeo yabaki mikononi mwake, naye aamue kama atakuonesha.

Baada ya jibu la kwanza

Anza na kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho: ukaguzi wa seva moja, kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe za ofisi, au kujaribu kama nakala za akiba zinarejeshwa kweli. Andika bei na siku ya kukabidhi. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, kisha nyamaza. Akisema hataki jumbe zako, mwondoe kwenye orodha siku hiyohiyo. Unayemuuzia ulinzi wa taarifa anatazama kwanza unavyozishika za kwake.