SOMO: SAA ILIYO NDANI YA MWILI



Hapa Jomvu Kuu tuko na wenzetu wanaorudi nyumbani jua likichomoza: askari wa usiku, wafanyakazi wa shifti bandarini na viwandani Changamwe, madereva wa malori, wavuvi. Mtu huyo akilala mchana, jirani humwita mvivu. Naye hujiuliza, "Nimechoka hivi, mbona usingizi hauji?" Sababu kubwa ni mwanga.

Saa hii ni nini?

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo sana inayopanga nyakati za usingizi, njaa na joto la mwili. Hiyo ndiyo saa ya mwili. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kuchunguza inavyofanya kazi.

Kwa watu wengi saa hii ikiachwa peke yake huchelewa kidogo kila siku. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni huirekebisha. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba ni usiku. Mwanga mkali huizuia. Basi anayetembea juani asubuhi akienda kulala, mwili wake unaambiwa "amka".

Hatari yake

Kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri mwili hupoa na macho huwa mazito. Hapo dereva au mwenye mashine hupata ajali kwa urahisi. Tena, mwaka 2007 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kazi ya usiku huenda ikasababisha saratani, na mwaka 2019 wakarudia neno hilo.

Tufanye nini?

1. Ukitoka shifti ya usiku, vaa kofia pana, na uende moja kwa moja kulala.
2. Ziba dirisha kwa shuka nzito au blanketi. Funika macho kwa kitambaa. Simu iweke mbali.
3. Chai ya rangi na kahawa unywe mwanzo wa shifti, si karibu na kutoka.
4. Anayelala usiku atoke nje mapema asubuhi apate mwanga, na jioni apunguze taa na simu.
5. Mwenye dawa za sukari au presha asibadilishe saa za kumeza kabla ya kuuliza zahanati.

Watu wa nyumbani nao wana kazi. Watoto wachezee mbali, redio ipunguzwe, na mgeni aambiwe arudi alasiri. Usingizi wa mchana wa mfanyakazi wa usiku ni haki yake, si uvivu.

Maswali ya kujadili

- Ni wangapi katika kikundi chetu wana mtu anayefanya kazi usiku?
- Mikutano yetu huwekwa saa ngapi? Je, inamkatia mtu huyo usingizi?
- Wiki hii tutamsaidiaje apate giza na utulivu?