Ginza kwa Miguu

Ginza ndio mtaa wa maduka ya kifahari wenye jina kubwa kuliko yote jijini Tokyo. Bei zake hutisha, lakini mwenye viatu vizuri na alasiri nzima ataufaidi hata kama mfuko wake ni mwepesi. Nenda Jumamosi au Jumapili: kuanzia saa 6 mchana magari huzuiwa kwenye barabara kuu, Chuo-dori, hadi saa 11 jioni, au saa 12 kati ya Aprili na Septemba. Watembea kwa miguu wameifaidi barabara hiyo hivyo tangu mwaka 1970.

Shuka kwenye stesheni ya Ginza, utokee njia panda kuu. Hapo utauona mnara wa saa wa Wako, jengo la mwaka 1932 lililonusurika mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Ukipotea, rudi hapo.

Elekea kaskazini kwanza, hadi Itoya, duka la kalamu na karatasi lililoanzishwa mwaka 1904. Panda ghorofa zake moja moja. Kuna karatasi utakazotamani kuzishika tu. Ukirudi njia panda, ingia duka la mikate la Kimuraya, jirani na Wako, ununue anpan, mkate mdogo wa duara wenye maharage mekundu matamu ndani. Kimuraya ndio waliouvumbua, mwaka 1874. Kisha vuka barabara uteremke chini ya duka kubwa la Mitsukoshi, kwenye soko la vyakula lililopangwa kama maonyesho ya vito. Mbele kidogo, upande wa kusini, lifti za jumba la maduka la Ginza Six zitakupandisha hadi bustani ya juu ya paa, bila kiingilio.

Usile huku unatembea; simama kando, na takataka zako zibebe, maana mapipa ni adimu. Dukani, weka pesa kwenye kisahani kilicho mbele ya mhudumu. Bakshishi haitolewi. Ukitaka kula mgahawani, kula mchana: migahawa mingi huuza mlo wa mchana kwa bei ya chini sana kuliko wa usiku.

Miguu ikichoka, fuata barabara ya Harumi-dori upande wa mashariki hadi ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Kabuki-za. Huko huuzwa tiketi za sehemu moja tu ya mchezo, kwa asiye na muda wala fedha za kukaa mchezo mzima. Ulizia mapema, kwa sababu viti hivyo hugombewa.