Mtoto Aliyeumizwa na Afisa Ustawi wa Jamii

Mtoto wa miaka 7 aletwapo hospitalini akiwa amevunjika mkono, jambo la kwanza ni kumtuliza maumivu na kuutibu mkono huo. Lakini ikiwa ana michubuko pia masikioni, shingoni na makalioni, mahali ambapo watoto hawaumii kwa kawaida wanapocheza, au ana majeraha mapya kando ya makovu ya zamani, plasta peke yake haitoshi. Ndivyo ilivyo pia maelezo ya mzazi yanapobadilika kila anapoulizwa, au mchanga asiyeanza hata kutambaa anapokutwa amevunjika mfupa.

Hapo ndipo afisa ustawi wa jamii anapopaswa kuitwa, tena siku hiyohiyo. Mara nyingi afisa huyu hukumbukwa tu mgonjwa anaposhindwa kulipa gharama na kuhitaji msamaha, jambo ambalo ni kuipunja kazi yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inaipa kila mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Inamtaka pia kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka hiyo. Muuguzi naye ni mwanajamii. Hatakiwi kuwa na ushahidi wa kumtia mtu hatiani ndipo aseme. Uchunguzi ni kazi ya wengine.

Afisa huzungumza na mtoto faragha, huitembelea nyumba, huwauliza majirani na mwalimu, kisha hupima kama ni salama mtoto arudi. Wazazi wengi huficha mambo wakihofu kunyang'anywa mtoto, ilhali kumtenga na familia ni hatua ya mwisho. Hata inapolazimu, hutafutwa kwanza ndugu anayefaa au mlezi wa kuaminika. Jinai hushughulikiwa na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Kwa mtoto aliyebakwa au kulawitiwa, saa zina uzito. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzishwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Msichana aliyevunja ungo hupewa kinga ya mimba ndani ya saa 120. Tiba hiyo haipaswi kusubiri fomu ya polisi, PF3. Asiogeshwe kabla ya kupimwa, na nguo zake zisifuliwe bali ziwekwe katika mfuko wa karatasi. Vikao vya ukoo vya kuyamaliza nyumbani kwa faini ndivyo hula saa hizo, na faini yenyewe haimfikii mtoto.

Palipo na Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na afisa ustawi hupatikana mahali pamoja, hivyo mtoto halazimiki kusimulia upya kila mlango. Maneno yake yaandikwe kwenye faili kama alivyoyatamka. Jirani anayesita kufika ofisini anaweza kupiga simu namba 116, bila malipo.