Dondoo muhimu: Kubana dizeli ukivua kamba

Katika Ghuba ya Ungwana, karibu na mlango wa Mto Tana, dizeli nyingi ya trola huishia kwenye kukokota wavu.

1. Pima waya zote mbili za kukokotea wavu, uzitie alama. Mmoja ukizidi urefu, wavu huenda upande na injini hulemewa.
2. Ukipandisha mbao zinazotanua mdomo wa wavu, kagua chuma chake cha chini: kikiwa kimeng'aa nyuma tu, mbao zinalalia nyuma. Rekebisha minyororo ya mbao.
3. Fuata vihisi vya upana wa mbao. Usiongeze mwendo kwa kubahatisha, hilo ni kosa la gharama kubwa.
4. Ondoa magugu kwenye kichujio cha kuokoa kasa, yasiongeze mzigo wa kukokota.
5. Hata ukibana dizeli, usivue ndani ya maili 3 za baharini kutoka pwani. Hapo ni pa wavuvi wadogo.