Safari ya Bure na Bei Yake

Katika mlango wa uuzaji na ununuzi liko jambo lililoingia masokoni kwa sura ya ukarimu, nalo ni la mfanyabiashara kumwambia mnunuzi: "Nunua kitu hiki, nawe utapata safari ya bure." Mara safari hiyo huwa ni ya matembezi, na mara, na hili ndilo litugusalo zaidi, huwa ni ya Umra, likawekwa tangazo chini ya picha ya Al-Kaaba. Basi yatupasa tuulize: bure hiyo yatoka wapi, ni nani ailipaye, na sharia yasemaje juu yake?

Kisa cha Uingereza

Twaanza kwa kisa kilichotokea Uingereza, kwa kuwa mambo yake yote yalifunuliwa hadharani. Katika mwaka 1992, kampuni ya Hoover ya huko, iliyokuwa mali ya kampuni ya Maytag ya Marekani, ilikuwa na bidhaa nyingi zisizotoka. Ikatangaza kwamba kila anunuaye chombo chake cha pauni 100 au zaidi atapata tikiti mbili za ndege, za kwenda na kurudi, mpaka miji ya Ulaya. Biashara ikachangamka. Kabla ya mwaka kwisha, ikatangaza tena: tikiti mbili za kwenda Marekani, kwa bei ile ile.

Mwenye akili ataona mara moja kwamba tikiti hizo zilikuwa na thamani mara kadhaa kuliko mashine ya kufyonza vumbi. Vipi basi kampuni ikatarajia faida? Ilitegemea mambo mawili. La kwanza, kwamba wanunuzi wengi hawatazidai tikiti zao. Kwani ilimpasa mtu kupeleka risiti katika muda mfupi, kisha ajaze karatasi na kuirudisha kwa siku zilizowekwa, kisha ataje viwanja na tarehe, nayo kampuni yaweza kumkatalia na kumpa tarehe nyingine zisizomfaa. La pili, kwamba wale watakaosafiri watauziwa hoteli, bima na magari ya kukodi, na faida ya hivyo itafidia gharama ya tikiti.

Hesabu hiyo haikusimama. Watu walinunua mashine si kwa haja ya mashine bali kwa haja ya tikiti. Wengine waliziuza mashine hizo hali hazijafunguliwa. Na aliyenunua kwa ajili ya tikiti hasahau kuidai. Maombi yakafurika, ahadi zikachelewa, watu wakaungana kudai haki zao, na mashitaka yakaendelea mahakamani miaka kadhaa. Takriban watu 220,000 walisafirishwa hatimaye, wengi wengine wakakosa, na hasara ikafika kiasi cha pauni milioni 50. Wakubwa watatu wa kampuni wakaachishwa kazi mwaka 1993, na mwaka 1995 Maytag ikaiuza Hoover ya Ulaya kwa kampuni ya Candy ya Italia, kwa hasara.

Milango minne ya faida

Katika kisa hiki twajifunza kwamba safari ya bure hulipwa kwa mmoja wa milango minne, au kwa yote pamoja.

Mlango wa kwanza ni bei ya bidhaa. Tuseme, kwa mfano, friji huuzwa shilingi 52,000 kwa jirani, na hapa penye zawadi huuzwa 60,000. Hapo mnunuzi amejilipia mwenyewe sehemu ya safari, na jirani zake wasioipata wamelipa pamoja naye.

Wa pili ni viti vitupu. Ndege au hoteli isiyo na wageni msimu fulani huviuza kwa bei ndogo. Ndiyo maana tarehe za zawadi mara nyingi si zile azitakazo mtu.

Wa tatu ni nyongeza. Tikiti ni bure, walakini kodi za uwanja, viza, chakula na malazi ni juu ya msafiri, na mara nyingine hulazimishwa kuvinunua kwa wakala yule yule kwa bei aitakayo.

Wa nne ni usahaulifu wa watu. Risiti hupotea, siku hupita, karatasi hujazwa vibaya, na haki ya mtu ikaanguka. Huu ndio mlango mbaya kuliko yote, kwani faida ya mwenye ahadi imefungamana na kutotimizwa kwa ahadi yake.

Hukumu yake

Mwenyezi Mungu ametuamrisha kutimiza mikataba mwanzo wa Sura al-Maida, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amekataza biashara yenye gharar, yaani ile ambayo mwisho wake haujulikani. Basi na tupambanue.

Ikiwa muuzaji ampa kila mnunuzi zawadi iliyo wazi sifa zake, wala hakupandisha bei kwa ajili yake, hiyo ni hiba na hapana ubaya. Ikiwa zawadi hiyo imezungukwa na masharti yaliyofichwa, hapo pana hadaa, ijapokuwa hapana kamari.

Ama ikiwa wanunuzi wote waingia katika kura na mmoja tu ndiye apatae, wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Sheikh Abdulaziz bin Baz aliona ni katika kamari. Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin aliruhusu kwa masharti mawili: bei iwe ile ile ya sokoni, na mnunuzi awe amekihitajia kitu chenyewe, si kununua kwa ajili ya zawadi. Nasi twaona kwamba mwenye kujiepusha na shaka ndiye aliyesalimika.

Na katika Umra twaongeza neno. Ibada hii humlazimu mwenye uwezo. Asiye na uwezo hana dhambi. Mtu kujitia katika deni la kitu asichokihitaji, akitumai kura itampeleka Makka, huko ni kuacha njia nyepesi aliyowekewa na Mola wake na kufuata njia nzito aliyowekewa na duka.

Wajibu wa pande mbili

Enyi wafanyabiashara wetu, mwakijua kisa cha Mtume alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta umaji chini yake, akamkemea mwenyewe kwa kuuficha. Sharti lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya tangazo ndio umaji ule ule. Liandikeni juu, kwa lugha waijuayo wanunuzi.

Nanyi wanunuzi, kabla ya kutoa fedha ulizeni: Je, ningalikinunua kitu hiki lau kama hapana zawadi? Bei yake kwa jirani ni ngapi? Nitalipa nini zaidi ili nisafiri? Tarehe ni zipi, na ni nani atakayejibu ahadi isipotimizwa? Takeni jawabu kwa maandishi na muihifadhi risiti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimempa mnunuzi haki ya kupewa maelezo yanayohitajika ili anufaike na anachokinunua, na haki ya kulipwa fidia. Basi kuidai haki hiyo si ugomvi wala si aibu.

Na mkipata jawabu safi kwa maswali hayo yote, nunueni kwa baraka ya Mungu. Mkikosa hata moja, pitieni mbele. Mfuko mtupu wa leo ni bora kuliko deni la mwaka.