Ua la Mateso na Mkono wa Mchoraji

Watoto wengi wa nchi yetu waujua mkarakara, ule mmea utambaao juu ya uchanja uani, wenye kuzaa matunda ya mviringo ambayo wengine huyaita pasheni. Ni wachache waliokwisha kuambiwa ya kuwa jina la pasheni halikutokana na utamu wa tunda. Asili yake ni neno la Kilatini passio, yaani Mateso, na Mateso hayo ni yale ya Bwana wetu Yesu Kristo.

Mmea huu ulitoka Amerika. Wahispania walipoliona ua la jamii hii huko, waliliita ua la madonda matano. Mwaka 1610 Giacomo Bosio alitoa mjini Roma kitabu kikubwa juu ya Msalaba Mtakatifu. Alipokuwa akikitunga, mtawa mmoja wa Shirika la Mt. Augustino aliyetoka Meksiko, Emmanuel de Villegas, alimwonyesha picha za ua hilo. Bosio aliona ni ajabu kupita kiasi, akasita kulitia kitabuni mpaka alipopata mashahidi wengine na picha nyingine. Twapenda kusita kwake kule.

Sasa na tulitazame ua lenyewe. Katikati husimama nguzo fupi, nayo iliwakumbusha nguzo aliyofungwa Bwana apigwe mijeledi. Juu yake hutoka vijiti vitano vyenye chavua, wakaviona kuwa madonda matano. Na juu zaidi vipo vitatu vyenye vichwa, mfano wa misumari. Chini huzunguka nyuzi nyembamba nyingi, zambarau shinani na nyeupe nchani: hilo ndilo taji la miiba. Vikono vijikunjavyo, ambavyo mmea hushikia uchanja, ni mijeledi. Baadaye wengine walihesabu vipande vyeupe vya ua, wakapata kumi, wakasema ni Mitume, pasipo Yuda aliyemsaliti Bwana na Petro aliyemkana. (Hapa hesabu imevutwa kidogo, kwa maana Petro alitubu, na wenzake nao walikimbia.)

Lakini liko jambo zito zaidi. Baadhi ya wachoraji wa Ulaya hawakuchora ua, walichora habari za ua. Walitia misumari kamili na taji la miiba ya kweli, kana kwamba mhunzi amepita pale kabla yao. Mwaka 1629 John Parkinson, mwuza dawa na mtunza bustani wa London, alichapisha kitabu chenye picha mbili: moja ya mmea wa jamii hii kama uotavyo, na ya pili yenye zile nyongeza, akiiita picha ya Wajesuiti. Akaikemea kwa maneno makali. Ukali wake hatuupendi. Walakini katika kuchora alisema haki. Aliyeliumba ua hakuhitaji kusaidiwa na kalamu ya mtu.

Twayaandika haya kwa sababu ya mafundisho tuwapayo watoto. Mtoto aliyeambiwa kuwa ndani ya ua mna misumari, akaenda kuchungulia asiione, atarudi na swali. Na asipojibiwa, atalichukua swali lile mpaka kwenye Mateso yenyewe, ambayo ni kweli. Yafaa aambiwe waziwazi: ua hili si ushahidi wa Injili, ni ukumbusho walioupata watu waliozoea kusali. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, ambaye hakuwa Mkatoliki, aliiandika jamii hii kwa jina la Passiflora mwaka 1753. Akalihifadhi Neno la Mateso pasipo kuongeza mwiba hata mmoja.

Mzazi au mwalimu wa dini apendaye kujaribu, ampe mtoto karatasi na penseli. Amwache atazame, ahesabu na kuchora kwanza, ndipo amweleze. Wako waliosema jani la mmea huu ni mkuki. Jamii hii ina aina nyingi zenye majani ya sura mbalimbali, na jani la mkarakara wetu lina ncha tatu. Basi mtoto azichore zote tatu. Ua la mkarakara wa matunda ya zambarau hufunguka asubuhi mapema na kufunga karibu na adhuhuri. La matunda ya manjano hufunguka adhuhuri na kufunga usiku. Yote mawili hudumu siku moja tu, kwa hiyo penseli ichongwe tangu jana yake.